Video fupi ya muziki haifiki kwa msikilizaji: soma dalili kabla ya kutafuta dawa

Video ikipita kimya, wanamuziki wengi hukimbilia maelezo mawili: ama programu ya video imenifungia, ama watu siku hizi hawapendi muziki mzuri. Nimehariri klipu za wanamuziki kwa muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingi maelezo yote mawili si kweli. Ubaya wake mkubwa ni kwamba hayakuachii cha kufanya.

Mimi huichukulia video kama safari ya mtu mmoja aliyeshika simu. Safari hiyo hukatika mahali pamoja kati ya matatu: kabla sikio lake halijaukamata wimbo, akiwa anausikiliza, au baada ya video kwisha. Dawa ya mahali pamoja haiponyi pengine. Nimeona mtu akinunua kamera mpya wakati kilichomuangusha ni besi isiyosikika kwenye spika ya simu, na mwingine akirekodi upya wimbo mzima wakati wasikilizaji walikuwa wakiupenda ila hawakujua unaitwaje.

Kwa hiyo anza kwenye takwimu za video zako. Tazama mambo matatu: watu walibaki kwa sekunde ngapi kwa wastani, mstari wa grafu ya waliobaki unaporomoka wapi, na wangapi waligusa jina lako wakaingia kwenye ukurasa wako. Angalia video kumi kwa pamoja, maana moja peke yake hudanganya. Kisha tafuta hapa chini malalamiko yanayofanana na yako.

"Watu wanapita tu, hata hawasikilizi"

Grafu inaporomoka ndani ya sekunde mbili au tatu za kwanza. Sababu inayotokea kuliko zote ni kwamba umeanza video pale wimbo unapoanzia. Wimbo una haki ya kuwa na utangulizi wake, gitaa peke yake kwa mizunguko minne, pumzi, kisha sauti. Msikilizaji aliyeuchagua wimbo huo ataungoja. Aliyekutana nao kwa bahati, kidole kikiwa tayari kwenye kioo, hatangoja.

Ushauri wa kawaida ni kuanza na kiitikio. Mimi naona ni bora uanze mstari mmoja kabla ya kiitikio. Kiitikio kikianza ghafla, sikio halina pa kupandia, na ule mnyanyuko uliohangaika nao studio unapotea. Mstari mmoja wa ubeti, wa sekunde tatu hivi, humpa msikilizaji ngazi, halafu kiitikio kinafunguka akiwa bado yupo.

Sababu ya pili ni kujitambulisha: "Habari zenu, mimi naitwa fulani, leo nataka niwaletee..." Jina lako linaonekana tayari chini ya video. Sekunde hizo wape wimbo.

Ya tatu ni picha ya kwanza iliyotulia mno. Kamera imewashwa, unarudi nyuma, unakaa, unaweka gitaa sawa. Kata yote hayo. Fremu ya kwanza iwe mkono ukiwa njiani kuelekea kwenye waya, au mdomo unaofunguka.

Ya nne haionekani kirahisi: watu wengi hukutana na video wakiwa wamezima sauti. Wape sababu ya kuiwasha. Maneno ya wimbo yaandikwe kwenye picha yakienda na uimbaji, au iwepo sentensi moja inayosema wimbo huu ni wa nani. "Wimbo wangu mpya unakuja" haimgusi mtu asiyekujua. "Niliuandika wiki niliyoacha kumpigia simu kaka yangu" humgusa kila mwenye ndugu aliyegombana naye.

Kuna kipimo rahisi. Tazama sekunde mbili za kwanza ukiwa umezima sauti, halafu zisikilize ukiwa umefumba macho. Ikiwa mojawapo haina kitu, umeshajua pa kurekebisha.

"Studio inasikika vizuri, kwenye simu imekufa"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wanamuziki wanapopoteza watu bila kujua. Kazi yako ni sauti, na inatokea kwenye spika ndogo kuliko ukucha.

Kama besi imepotea, chanzo ni maumbile ya spika yenyewe. Waya mnene wa gitaa la besi lenye nyaya nne, ukiachwa wazi, hupiga kwenye hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya simu hudhoofika sana chini ya hezi 200 hivi, kwa hiyo mlio huo wa msingi haumfikii msikilizaji hata kidogo. Kuongeza besi kwenye miksi hakusaidii. Utaifanya spika ikoroge tu. Kinachosaidia ni kuzinyanyua sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyohiyo: hezi 206, 247, 288 na kuendelea. Ongeza ukwaru kidogo kwenye besi, kiasi cha kuifanya iwe na makali juu, na sikio litajijazia lenyewe noti ya chini lisiyoipata. Ubongo wa binadamu una kipaji hicho. Ngoma ya teke nayo hivyohivyo: ipe mlio wa kijiti kinavyogonga ngozi, usitegemee mtikisiko pekee.

Kama kilichopotea ni chombo kizima, mathalani kinanda au waitikiaji walioenea kulia na kushoto, shuku mono, yaani sauti ya upande mmoja tu. Simu nyingi huchanganya pande mbili za stirio kuwa moja, au spika zake mbili zinakaa karibu mno kiasi kwamba upana haubaki. Ala iliyopanuliwa kwa mbinu za studio huweza kuwa na mawimbi yanayopingana pande mbili, yakikutana yanafutana. Bonyeza kitufe cha mono kwenye miksi kabla hujatoa faili. Kikitoweka kitu, punguza upana wake mpaka kirudi.

Kama umerekodi kwa maiki ya simu na sauti inapanda na kushuka kama mtu anayehema, sababu ni simu kujirekebishia nguvu ya sauti yenyewe. Mwanzo wa utulivu unasikika mkubwa na umejaa mvumo, halafu ngoma ikiingia sauti ya mwimbaji inazama. Tumia programu ya kurekodi inayokuruhusu kuweka kiwango kwa mkono, au maiki ya nje, au isogeze simu mbali na ngoma na karibu na mwimbaji. Zima pia kipengele cha kuondoa kelele. Kilitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na kwa mantiki yake kila mlio unaoendelea bila kubadilika ni kelele. Violini inayoshikilia noti moja kwa sekunde nne huliwa kama mvumo wa feni.

Sauti inayokwaruza mahali penye nguvu pekee imezidi kiwango wakati wa kurekodi, na hiyo haiponi kwenye uhariri. Rekodi tena kwa kiwango cha chini.

Nikimaliza klipu yoyote huwa naisikiliza kwenye simu, sauti ikiwa nusu, maji yakitiririka bombani karibu yangu. Nisipoyasikia maneno ya mwimbaji, kazi haijaisha.

"Midomo na sauti haviendani"

Jiulize swali moja: je, tofauti ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, au inakua?

Ikiwa ni ileile, mtuhumiwa wa kwanza ni Bluetooth. Ulipokuwa ukiigiza kuimba, ulikuwa ukiusikia wimbo kupitia spika au hedifoni zisizo na waya, ambazo huweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Wewe uliimba sawasawa na ulichosikia, ila ulichosikia kilikuwa kimechelewa. Ukipandisha wimbo halisi juu ya picha, sauti inatangulia midomo.

Na huo ndio upande mbaya wa kukosea. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika mapendekezo yake kwa watangazaji, linaonyesha kuwa watazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hawagundui mpaka ifike karibu milisekunde 125. Ina mantiki: maisha yetu yote tumeona jembe likipiga ardhi mbali kisha mlio ukafuata, hatujawahi kuona kinyume chake. Kwa hiyo ukiwa na shaka, iache sauti ichelewe kidogo. Video ya fremu 30 kwa sekunde ina milisekunde 33 katika kila fremu. Sogeza sauti fremu moja moja, ukitazama herufi za midomo kufumba: b, m, p. Hizo hazifichi kosa.

Umbali nao huchangia. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo simu iliyo mita kumi kutoka jukwaani hupokea muziki ukiwa umechelewa takribani milisekunde 29. Peke yake si tatizo, lakini ukiongezea makosa mengine inafika mahali inaonekana.

Ikiwa tofauti inakua kadiri video inavyoendelea, chanzo ni idadi ya fremu inayobadilikabadilika. Simu hupunguza fremu mwanga ukipungua au ikipata joto, na baadhi ya programu za kuhariri huhesabu kana kwamba hazijapungua. Badilisha klipu iwe na idadi thabiti ya fremu kabla ya kuanza kuhariri. Niliwahi kukesha nikikata wimbo vipande vipande kuufuata mdomo wa mwimbaji, kumbe dakika moja ya kubadilisha faili ingetosha. Siku hizi huwa nafanya hivyo kwanza, hata kabla sijaiona shida.

"Picha inatoka na ukungu"

Hii haihitaji maelezo marefu. Futa lenzi kwa kitambaa laini. Usiitume video kwa programu ya ujumbe kisha ukaipakua upya, kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora. Hamisha faili lenyewe. Toa video ya wima, upana pikseli 1080 na urefu 1920. Programu nyingi zina swichi ya kupakia kwa ubora wa juu ambayo huja ikiwa imezimwa, iwashe. Rangi zikipauka au nyuso zikiwaka kupita kiasi baada ya kuposti, zima HDR kwenye kamera, kile kipengele kinachopanua tofauti ya mwanga na kivuli. Taa zikipepesa, linganisha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, na umeme wa mahali ulipo: sehemu ya 50 ya sekunde penye umeme wa hezi 50, sehemu ya 60 penye hezi 60. Na usiandike maneno chini kabisa wala ukingoni kulia, kwani vitufe na maelezo ya programu yatayafunika.

Nitasema hili bila kusitasita: picha yenye ukungu kidogo na sauti safi itasikilizwa. Kinyume chake hakisikilizwi.

"Wamenizimia sauti, na wimbo ni wangu mwenyewe"

Inauma, na mara nyingi si uonevu. YouTube ina mfumo wa kutambua sauti uitwao Content ID tangu 2007, na msambazaji wako wa kidijitali, yaani kampuni inayoupeleka wimbo wako kwenye programu za muziki, huenda ameusajili wimbo wako humo. Mfumo unautambua wimbo, haukutambui wewe. Mwandikie msambazaji, mpe anwani ya akaunti yako, omba iwekwe kwenye orodha ya akaunti zilizoruhusiwa.

Kama biti, yaani muziki usio na sauti ya mwimbaji, uliikodisha bila haki ya pekee, wengine wameimba juu yake pia, na mmoja wao ameisajili kama yake. Tafuta mkataba wako na upinge dai. Kama akaunti yako ni ya biashara, huenda ndiyo maana nyimbo nyingi hazipatikani: TikTok huzipa akaunti hizo maktaba ndogo ya muziki ulioidhinishwa kwa matumizi ya kibiashara.

Wakati mwingine mgogoro uko nje ya uwezo wako kabisa. Mwishoni mwa Januari 2024 makubaliano kati ya Universal Music na TikTok yalikwisha bila mapya, na video nyingi zenye nyimbo za kampuni hiyo zikabaki bubu mpaka walipoafikiana Mei. Wanamuziki hawakuwa na la kufanya. Jikinge kwa kuhifadhi kila video ikiwa na sauti yake kwenye diski yako, ili uweze kuipeleka kwingine.

"Video imetazamwa sana, wimbo haujasikilizwa"

Huyu ndiye mgonjwa ninayemuonea huruma zaidi, maana anapongezwa huku anaumia. Njia kutoka kwenye video hadi kwenye wimbo imekatika mahali, na lazima uitembee mwenyewe kama mgeni. Chukua simu ya mtu asiyekufuata. Tazama video yako. Sasa jaribu kuupata wimbo mzima bila kutumia chochote unachokijua.

Utakapokwama ndipo penye ugonjwa. Labda umegusa jina la sauti chini ya video ukakuta "sauti asilia" badala ya jina la wimbo. Maana yake uliipakia sauti ndani ya video yenyewe, haikuunganishwa na wimbo uliotolewa rasmi. Hakikisha msambazaji ameufikisha wimbo kwenye maktaba za programu za video fupi, kisha chagua sauti kutoka huko unapoposti.

Labda umeandika maneno ya kiitikio kwenye sehemu ya kutafuta, ukakosa. Wanamuziki hupenda kuupa wimbo jina lenye fumbo ambalo halimo kwenye mashairi yake. Kwa albamu ni sawa kabisa. Kwa msikilizaji aliyesikia sekunde 15, maneno aliyoyasikia ndiyo jina la wimbo. Kama wimbo umeshatoka, andika jina lake kwenye picha wakati kiitikio kinapigwa. Kama haujatoka, fikiria upya jina.

Labda toleo la kwenye video limeongezwa kasi, na lililotoka rasmi ni la polepole. Msikilizaji akilipata anahisi amedanganywa. Toa matoleo yote mawili, au posti lile ulilotoa.

Labda wimbo haujatoka kabisa. Kionjo kinachotangulia kwa siku chache hujenga hamu. Kinachotangulia kwa miezi mitatu huizika. Video ikikushtukiza kwa kupendwa, harakisha wimbo, hata kama ulikuwa umepanga tarehe nzuri zaidi.

Na labda, hili ni gumu kulikubali, watu walikuja kumtazama paka aliyeruka juu ya kinanda. Muziki ulikuwa mandharinyuma. Video ya namna hiyo usiihesabu kama ushindi, na usijenge kumi nyingine juu yake.

"Hakuna anayeitumia sauti yangu"

Kwanza kagua kipande chenyewe. Mtu akigusa sauti yako, programu inampa sehemu gani ya wimbo? Wasambazaji wengi hukuruhusu kuchagua sekunde ya kuanzia, na wanamuziki wengi huiacha wazi. Matokeo yake mtu anapewa utangulizi, anakosa pa kuingilia, anaondoka.

Pili, uliza kama kipande kina nafasi ya mtu mwingine. Mashairi yanayotaja jina la mpenzi wako, mtaa wenu na tarehe ya ugomvi ni mazuri kusikiliza, lakini mgeni hana pa kukaa. Mstari mmoja ulio wazi unatosha.

Tatu, usilazimishe chalenji. Wimbo wa "Jerusalema" wa Master KG na Nomcebo Zikode ulitoka 2019, na kilichousambaza duniani mwaka uliofuata ni kundi la wacheza dansi la Angola, Fenómenos do Semba, lililojirekodi likicheza na sahani za chakula mkononi. Hatua zile zilitoka kwa wasikilizaji wenyewe. Zilichezeka kwa watu wa kawaida, wengi kwa pamoja, na wimbo ulikuwepo tayari kwa kila aliyeutaka. Hatua tano ngumu zilizopangwa na mtaalamu zitabaki kwa mtaalamu.

"Wanaonifuata ni wanamuziki wenzangu tu"

Tazama video zako kumi za mwisho. Ngapi zinahusu maiki, programu, kodi za gitaa (noti zinazopigwa kwa pamoja), jinsi ya kumiksi? Umejenga darasa. Ni jambo jema, lakini darasa halinunui tiketi. Onyesha wimbo ukifanya kazi kwenye maisha ya mtu asiyejua kodi ya gitaa ni nini.

"Laiki zipo, mazungumzo hakuna"

Chunguza unachouliza. "Mnaonaje?" haijibiki; kinachopatikana ni alama ya moto na moyo. Uliza jambo ambalo jibu lake litabadilisha kitu kweli: ubeti wa pili uishie kwa msamaha au kwa kuondoka? Toleo la gitaa au la kinanda litoke kwanza? Kisha fanya walivyosema, na uwaonyeshe ukifanya. Ukiuliza halafu ukapuuza, hawatakujibu mara ya pili.

Halafu jibu. Programu kubwa hukuruhusu kujibu komenti kwa video, komenti yenyewe ikionekana kwenye picha. Mtu ameandika kwamba mstari fulani ulimkumbusha mama yake. Mwimbie mstari huo, bila taa, bila kamera nzuri, kwa sekunde 20. Sijui kipimo cha takwimu kinachoonyesha kilichotokea kwa huyo mtu, lakini ndicho ulichokuwa ukikitafuta tangu mwanzo.

"Nimefungiwa"

Inawezekana, na kuna pa kuhakikisha: fungua sehemu ya hali ya akaunti kwenye mipangilio. Ikiwa hakuna onyo, shughulikia mengine kwanza. Kosa moja la kweli ni kuhamisha video ikiwa na nembo ya programu nyingine. Instagram ilitangaza 2021 kwamba itapunguza kuzipendekeza Reels, video zake fupi, za namna hiyo. Posti faili lako la awali, lisilo na nembo.

"Nimechoka"

Kuchoka nako ni dalili, na sababu yake kwa kawaida ni kutengeneza kila video kuanzia sifuri: wazo jipya, nguo mpya, mahali papya. Weka simu kwenye kona ya chumba cha mazoezi na uiache irekodi saa nzima. Ndani yake kuna mlipokosea mkacheka, palipopatikana sauti ya pili kwa bahati, na pale mpiga ngoma alipofumba macho. Hizo ni video za wiki mbili. Na wiki ambayo huna hata nguvu ya kukata klipu, usiposti. Fungua komenti, chagua watu watatu, uwajibu kwa majina yao.